Mfalme wa Shaba Kwenye Beseni la Harusi

Kuna nchi moja ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Si kwamba ni ndogo. Haimo kwa sababu mkuu wake hakuipenda rangi ambayo wachora ramani waliipaka, akaamuru waifute mpaka wapate rangi inayostahili, na hadi leo wanaitafuta. Wenyeji hawajali sana. Wanajua walipo.

Mkuu huyo aliitwa Mlezi Mkuu. Alikuwa na ndevu fupi zilizochongoka kidevuni na masharubu yaliyopakwa nta, yamenyooka kulia na kushoto kama mishale ya saa inapokuwa saa tisa kasorobo. Sura yake ilikuwa kwenye stempu, kwenye mifuko ya unga na kwenye vifuniko vya masufuria ya shule. Hakuna mwanamume mwingine aliyeruhusiwa kufuga masharubu ya namna hiyo, na vinyozi wote walikula kiapo. Huenda ilikuwa sheria nzuri. Angalau hakuna aliyewahi kumpigia saluti muuza mkaa kwa bahati mbaya.

Mwaka ule nchi ilikuwa imetoka vitani na jirani yake, wakigombea Nyanda za Chumvi. Redio ilitangaza ushindi. Kisha ikatangaza kwamba mpaka umesogezwa karibu ili kuwapunguzia askari mwendo. Kisha ikatangaza kwamba jeshi lote la mashariki limekubali mwaliko wa kukaa kwa jirani kwa muda. Chumvi ikapotea madukani, na redio ikaeleza kwamba chumvi huleta presha. Watu wakala mboga chapwa na kushukuru kwamba serikali inajali afya zao.

Ndipo Mlezi Mkuu, ili watu wapate la kufurahia, akamwoza binti yake.

Katika nchi ile bwana harusi haingii kwa mkewe mpaka aoshwe mguu. Huletwa beseni la maji ya waridi, mguu wa kulia ukatumbukizwa, na jamaa wa pande zote mbili wakadondosha pesa majini huku wanawake wakiimba. Lakini kabla ya pesa yoyote, mwoshaji huweka chini kabisa pesa moja nyekundu ya kale. Bila hiyo, wanasema, pesa nyingine zitakuwa wageni waliofika wasimkute mwenyeji.

Mwoshaji aliyesifika kuliko wote alikuwa Bi Mishi, mwanamke mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa, ambaye hakuwahi kuharakisha jambo lolote, sembuse mguu wa mtu. Pesa yake nyekundu ilitoka kwa mumewe, Fundi Chande, mchora nakshi kwenye masinia na mabirika. Babu wa babu yake Chande alikuwa mtia makaa kwenye meli ya moshi, akaipata kama chenji katika mgahawa mmoja wa bandari ya Marsei, pamoja na hadithi yake.

Ilikuwa santimu kumi ya Kifaransa, pana kuliko shilingi, wekundu wake umekolea ukawa kama kahawa. Upande mmoja tai amekunjua mbawa, upande mwingine kichwa cha mfalme, Napoleoni wa Tatu. Mfalme huyo alikusanya pesa ndogondogo za zamani za nchi yake, nzito na chakavu, nyingine zilizoyeyushwa kutokana na kengele za makanisa, akatoa mpya, nyepesi, za shaba iliyotiwa bati na zinki kidogo, kila moja ikiwa na sura yake. Aliposhinda vita huko Italia akajiongezea taji la majani kichwani. Miaka michache baadaye akapigana na Wajerumani, akazingirwa mjini Sedani yeye na jeshi lake, akajisalimisha. Watu wake wakabaki na sura yake mifukoni, wala hawakuweza kuitupa, maana bado ilinunua mkate. Basi wakachukua misumari na patasi ndogo wakamrekebisha. Wengine walimtia kiko mdomoni, wengine wakamvisha ukosi wa mbwa. Huyu wa Fundi Chande alikuwa amevishwa kofia ya vita ya Kijerumani, ile yenye mwiba juu, na shingoni ametiwa kamba.

Kwamba mfalme huyo alikuwa na ndevu fupi zilizochongoka, na masharubu ya nta yaliyonyooka kulia na kushoto, ni jambo ambalo halikumpitikia Bi Mishi hata siku moja. Alikuwa amemjua yeye kwanza, kabla ya kumjua Mlezi Mkuu.

*

Waziri wa Furaha za Taifa, Mheshimiwa Tindwa, ndiye aliyepewa jukumu la kuhakikisha kwamba hakuna lisilofurahisha harusini. Zamu yake ya kutoa ilipofika, aliinama juu ya beseni. Maji yalikuwa safi. Jua lilikuwa linapiga moja kwa moja.

Akaona.

Alitumbukiza mkono pamoja na mkono wa koti mpaka kwenye kiwiko, akaipindua ile sarafu ili tai akae juu. Bwana harusi, akidhani anatekenywa unyayo, akaangua kicheko. Wanawake wakapandisha wimbo.

"Hii ya nani?" waziri alinong'ona, bado mkono umo majini.

"Ni pesa ya mwenyeji, mheshimiwa," alisema Bi Mishi. "Hutangulia."

"Nimeuliza ya nani."

Fundi Chande alikuwa nyuma ya mkewe, ameshika birika. Akaona mkewe anababaishwa mbele za watu, akasema, "Ya kwangu mimi, mheshimiwa. Kwani ina ubaya?"

"Ubaya!" Waziri aliangalia huku na huku. "Nani katamka ubaya? Mimi sijatamka ubaya." Akawageukia vijana wawili waliovaa miwani ya jua. "Mchukueni huyu. Taratibu. Huku mkitabasamu."

Wakamchukua wakitabasamu. Bi Mishi akamaliza kuosha mguu, kwa sababu mguu hauachwi nusu.

*

Kituoni Bi Mishi alipokelewa na Inspekta Lugendo, mtu mnene mwenye adabu, ambaye aliomba kwanza radhi kwa kukosa kiti cha mgeni.

"Nimemfuata mume wangu. Kafanya kosa gani?"

"Kosa lake linahusu sarafu, Mama."

"Kaiiba?"

"La hasha. Ni mali yake, tumethibitisha."

"Basi sarafu ndiyo iliyokosa?"

"Hapo umekaribia." Inspekta alishusha sauti. "Sarafu ina sura."

"Kila sarafu ina sura, mwanangu. Hiyo ni ya mfalme wa Wafaransa. Amekufa kabla babu yako hajazaliwa."

"Sasa, Mama, kama ni ya Mfaransa aliyekufa, kwa nini mheshimiwa waziri alishtuka?"

"Mimi nitajuaje? Muulize yeye. Alidhani ni ya nani?"

Inspekta aliinuka, akafunga dirisha, akafunga mlango, akavuta na pazia. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Mama yangu, mimi nina watoto. Unataka niseme alidhani ni ya nani? Niseme kwa mdomo wangu kwamba mtu mwenye kamba shingoni anafanana na... Hapana. Na wewe usiseme. Na yeye hajasema. Hakuna aliyesema, ndiyo maana nchi ina amani."

"Basi kama hakuna aliyesema, mwacheni mume wangu aende nyumbani."

"Tukimwachia bila kosa, wataniuliza nilijuaje kwamba sura si ya yule. Na nikisema niliona haifanani, maana yake nilianza kwa kulinganisha." Akajifuta uso. "Mimi nalinganishaje, Mama? Kwa macho gani?"

Bi Mishi alifikiri sana. Hakuwa mtu wa kulaumu haraka. Aliona kwamba inspekta anasema kweli, na kwamba kweli hiyo haina mlango.

"Naweza kumwona?"

"Hata sasa hivi. Sisi si wanyama."

Fundi Chande alikuwa amekaa sakafuni, akichora nakshi ukutani kwa kifungo cha shati.

"Umekula?" aliuliza mkewe.

"Nimekula maharage, hayana chumvi. Mbuzi yukoje?"

"Mbuzi! Baba Kidawa, wewe umo ndani, unaniuliza mbuzi."

"Umemfunga vipi?"

"Nimemfunga tu. Jana nusura ajinyonge, nikakata kamba kwa kisu."

"Ona sasa. Mara ngapi nimekwambia, mbuzi hafungwi fundo la kukaza. Fundo la kuvuta." Alimshika vidole katikati ya nondo akamwonyesha kwa uzi wa kanga yake. "Unazungusha, unapitisha kitanzi, ncha fupi unaiacha nje hivi. Yeye akivuta upande wake, linashika. Wewe ukivuta ncha fupi, lote linaachia. Kila mtu nchi hii analijua isipokuwa mke wangu."

"Mimi naosha miguu. Sifungi mbuzi."

"Basi jifunze. Naona hapa nitakaa."

*

Kesi ilisikilizwa hadharani, kwa kuwa nchi ile ilijivunia mahakama zake. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana msomi mwenye kola ngumu.

"Mtukufu hakimu, mshtakiwa aliweka ndani ya beseni sura ya mtu fulani, akiwa na kofia fulani kichwani na kitu fulani shingoni, kwa nia fulani."

Hakimu alishusha miwani. "Mtu fulani ndiye nani?"

"Fulani, mtukufu."

"Yuko hapa nchini?"

"Sijasema yuko."

"Hayuko?"

"Mtukufu! Nani anayethubutu kusema hayuko?"

Watu wakatazama viatu vyao. Hakimu akamgeukia mshtakiwa, akamwuliza kama anakiri kosa.

"Kosa lipi, mtukufu?" aliuliza Fundi Chande.

"Hilo fulani."

"Siwezi kukiri nisilolijua."

"Busara," alisema hakimu kwa huzuni, na ilionekana kwamba alikuwa anamaanisha. Akaiomba ile sarafu. Ikaletwa ndani ya bahasha. Akaifungua bahasha kidogo, akachungulia kama mtu anayechungulia chungu cha mwenzake, akaifunga upesi. "Mahakama haijaona kitu," alisema. "Kesi imeahirishwa mpaka sura ijulikane ni ya nani. Mshtakiwa atabaki ndani kusubiri sura."

"Na ikijulikana ni ya Mfaransa?" Bi Mishi alisema kutoka kwenye benchi la nyuma. Hakuwa amekusudia kusema, sauti ilimponyoka.

"Mama, mahakama haimjui Mfaransa."

"Na ikijulikana ni ya huyo mwingine?"

Hakimu alitoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga, na kofia yake ya ukumbini ikabaki mezani.

Bi Mishi alikwenda nyumbani akamkuta mbuzi amejizungusha mtini. Akajaribu fundo la kuvuta. Likaachia lenyewe, mbuzi akala mchicha wa jirani. Akalia kidogo, si kwa ajili ya mchicha.

*

Serikali haikukaa bure. Iliunda Tume ya Wataalamu ya Kuchunguza Sura, mwenyekiti wake akiwa Waziri Tindwa mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeiona kwanza. Tume ilisafiri hadi Ufaransa kuitafuta asili ya sarafu. Ikakaa huko majira mazima ya baridi. Ikarudi na makoti mazito na manukato, na hitimisho la awali kwamba Ufaransa ipo.

Kikao cha mwisho kilikuwa cha wazi. Profesa Kilindo, mwanahistoria wa taifa, alisimama akazungumza kwa muda mrefu na vizuri kabisa. Alieleza jinsi shaba inavyochanganywa na bati. Alieleza tai. Alieleza kwamba sarafu za mwanzo zina kichwa kitupu na za baadaye zina taji la majani, na kwamba hii, chini ya kofia iliyochongwa, bado mtu akitazama vizuri ataliona jani moja nyuma ya sikio. Bi Mishi, aliyealikwa kama shahidi, alianza kupata matumaini.

"Kwa hiyo, Profesa," alisema Waziri Tindwa, "sura ni ya nani?"

"Kitaalamu, mheshimiwa, sura inafanana na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye sura."

"Na mwenye sura anafanana na nani?"

Profesa alikunywa maji. Akaomba maji mengine. "Utafiti zaidi unahitajika," alisema, akakaa, na wajumbe wote wakampigia makofi ya kumwonea huruma.

Hapo ndipo Bi Mishi alipoinua mkono. Alizungumza polepole, kama anavyozungumza na bwana harusi mwenye wasiwasi.

"Waheshimiwa, mimi sikusoma. Lakini naona tunajisumbua. Yule alikuwa mfalme aliyeshindwa vita. Alijisalimisha yeye na jeshi lake zima, watu wake wakaona uchungu, wakamchora kamba. Basi. Hawezi kuwa mtu wa hapa. Kwani hapa kuna mtu aliyeshindwa vita?"

Alilisema kwa moyo safi, ili kusaidia. Redio yake haikuwahi kumwambia vinginevyo.

Katika ukumbi ule feni zilikuwa zinazunguka, na zilisikika. Mjumbe mmoja akajificha nyuma ya mwenzake. Mwingine akaanza kuimba wimbo wa taifa peke yake, kwa sauti ya chini, na wengine wakaona ni salama zaidi kuungana naye, wakaimba beti zote, pamoja na ule wa Nyanda za Chumvi, na walipofika hapo wakakohoa kwa pamoja.

"Mama," alisema Waziri Tindwa wimbo ulipokwisha, "umetumaliza."

*

Jambo kama hilo halikuweza tena kukaa chini. Mlezi Mkuu akasikia kwamba kuna sarafu, akataka kuiona. Wakaitwa Ikulu: waziri, profesa, Bi Mishi, na Fundi Chande aliyeletwa akiwa na pingu zilizofunikwa kwa taulo ili zisiharibu mandhari.

Mlezi Mkuu aliitoa sarafu kwenye bahasha. Akaigeuza. Akaenda nayo dirishani. Waziri Tindwa alikuwa ameshika ukuta. Katika nchi nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kusema bila hofu sura ile ni ya nani, na hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza.

"Huyu," alisema Mlezi Mkuu, "ni mimi."

Profesa alifumba macho.

"Nimependeza."

Profesa alifumbua moja.

"Tangu lini mna sarafu yenye sura yangu na mnanificha? Hii kofia ni ya vita?"

"Ya vita, Mtukufu!" alisema waziri. "Vya ushindi!"

"Naitaka. Nishonewe yenye mwiba kama huu. Na hiki shingoni ni nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga na kila mmoja aliitegea sikio.

"Ni nishani, Mtukufu," waziri alisema mwishowe. "Nishani ya kusokotwa."

"Sijawahi kuisikia."

"Ni ya ngazi ya juu sana, Mtukufu. Hata sisi hatujawahi kuiona."

Mlezi Mkuu akamgeukia Bi Mishi. "Wewe ndiye uliyemwosha mkwe wangu. Hujafundishwa kusema uongo. Unaonaje hapa?"

Bi Mishi alikuwa na neno mdomoni, limekaa tayari. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Akamtazama mumewe, mashavu yalivyoingia ndani, na taulo lile la maua juu ya mikono yake.

"Naona mume wangu amekonda, Mtukufu," alisema.

Mlezi Mkuu alicheka mpaka masharubu yakapoteza saa. "Basi alishwe! Na afunguliwe! Tangu leo pesa zote za nchi hii zitakuwa hivi, nami nina kofia na nishani, na huyu ndiye atakayezichonga."

"Mtukufu," alisema Fundi Chande, "si mimi niliyechora. Walichora Wafaransa, zamani."

"Mnyenyekevu pia! Au unataka kusema hukunichora mimi?"

Fundi Chande akafungua mdomo, akaona waziri anamtikisia kichwa, profesa anamtikisia kichwa, na mkewe ametazama sakafu. Akaufunga.

Wakamfungua pingu wakampeleka moja kwa moja kwenye Nyumba ya Kuchongea Fedha, ambayo kwa sababu za usalama ukuta wake ni mrefu kuliko wa gereza.

*

Bi Mishi alikwenda langoni siku ya pili yake, na siku iliyofuata, na mvua za vuli zikaja na kupita akiwa anakwenda. Lango lilikuwa jipya, la chuma, limepakwa rangi ya dhahabu. Kufuli lake lilikuwa halijapatikana. Kamati ya Kufuli ilikuwa bado inabishana: wajumbe wengine walitaka liwe na sura ya Mlezi Mkuu, wengine wakauliza ufunguo utaingizwa wapi. Kwa muda, lango lilifungwa kwa kamba, na mbele yake alisimama mlinzi mrefu aliyeitwa Mkondya.

"Nimekuja kumwona mume wangu."

"Haonekani, Mama. Ni siri ya taifa."

"Atatoka lini?"

"Kutoka? Hajafungwa huyu, Mama. Ametunukiwa."

"Aliyetunukiwa harudi kwake?"

"Aliyefungwa ana siku yake ya kutoka, nitakuangalizia. Aliyetunukiwa..." Mkondya alifikiri kwa uaminifu. "Sijui kama kuna mahali inapoandikwa."

"Inspekta aliniruhusu kumwona alipokuwa mhalifu."

"Sasa ni mheshimiwa. Kumwona mheshimiwa kuna taratibu zake."

"Zipi?"

"Huwa anatoa idhini yeye mwenyewe."

"Basi nimuombe."

"Huwezi kumwomba bila kumwona, Mama."

Bi Mishi alikaa juu ya jiwe upande wa pili wa barabara. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kumpiga mtu, na alipomtazama Mkondya kwa utaratibu, kuanzia kofia mpaka viatu vilivyotoboka, hakuona mahali pa kupiga.

*

Sarafu mpya zilitoka kwa sherehe. Waziri Tindwa alihutubia juu ya jukwaa, akasema kwamba sasa kila mwananchi, hata maskini, amemshika kiongozi wake mkononi.

Bi Mishi aliipata ya kwake sokoni, kama chenji ya dagaa. Aliigeuza juani. Kofia ya mwiba. Masharubu marefu kuliko ya asili, kama ilivyoagizwa. Na shingoni ile nishani ya kusokotwa, imechorwa kwa ustadi mkubwa, kila uzi wake unahesabika, na nyuma ya sikio, pale palipokuwa na jani, fundo.

Fundo la kuvuta. Ncha fupi imeachwa nje.

"Umeiona chenji yako?" aliuliza muuza dagaa bila kuinua kichwa.

"Nimeiona."

"Nishani nzuri."

"Nzuri."

"Mbuzi wangu anayo kama hiyo." Akakohoa. "Nikuongezee dagaa, Bi Mishi? Hawana chumvi, lakini ni dagaa."

Katika nchi ile hakuna asiyewahi kufunga mbuzi, ila wale ambao wamekuwa na watu wa kuwafungia. Wizarani hakuna aliyegundua kitu. Lakini foleni za unga zilikuwa ndefu, na mtu akisimama muda mrefu ana sarafu mfukoni, kidole gumba hutafuta kazi. Baada ya muda benki ikaanza kupokea sarafu zilizolika mahali pamoja tu, nyuma ya sikio, kwenye ile ncha. Tume iliundwa. Ikaeleza kwamba wananchi, kwa mapenzi, wanampapasa kiongozi wao shingoni. Mlezi Mkuu akaguswa sana na jambo hilo, akaagiza mkupuo mwingine wa sarafu, na kazi ya Fundi Chande ikaongezwa.

Hizo ndizo habari alizopewa Bi Mishi langoni: imeongezwa.

"Mpaka lini?" aliuliza, ingawa alikuwa hategemei tena jibu. Aliuliza kama mtu anavyobisha hodi kwenye nyumba anayojua imehamwa.

Mkondya alikuwa ameegemea nguzo, anachezea sarafu, anaisugua kwa ukucha wa gumba. Mahali pale palikuwa pamekuwa laini, panang'aa.

"Mama," alisema, akiitazama sarafu na si yeye. "Kwenu mnafuga mbuzi?"

"Tunaye mmoja. Msumbufu."

"Hata kwetu. Nimekua nawafunga." Akaitia sarafu mfukoni. Akatazama barabara upande wa Ikulu, kisha upande wa soko, kisha akatazama juu kana kwamba mvua ingekuja, na mbingu ilikuwa nyeupe tupu. "Huyo mheshimiwa wa humo ndani huwa ananiuliza kila asubuhi kama mkewe amejifunza."

"Amejifunza nini?"

"Hakusema. Ni siri ya taifa." Alivua kofia, akapangusa jasho, akaivaa tena. "Mimi nakwenda kunywa maji pale kwenye bomba. Bomba lile ni bovu, Mama, maji yanatoka kidogo kidogo. Mtu anaweza kuchelewa."

Akavuka barabara bila kugeuka nyuma.

Bi Mishi akabaki amesimama mbele ya lango la dhahabu. Akaitazama kamba. Ilikuwa ya katani, mpya, imezungushwa vizuri na mtu anayejua kazi yake, na ncha fupi ilikuwa upande wa nje.